Mbio za Baiskeli za Mama

Mama yangu ni shabiki wa mbio za baiskeli, na mwenyewe hajapata kupanda baiskeli. Marehemu baba alifunga dishi nyuma ya nyumba yetu ya Mtambile ili atazame mpira. Akapata chaneli ya michezo ya Ulaya ambayo kila siku ilionesha kila kitu isipokuwa mpira. Akarudi zake barazani. Mama akabaki mbele ya tivii.

Msimu wa karafuu majirani walikuja kuchambua ukumbini kwetu, mikono ikitoa karafuu kwenye makonyo yake, macho kwenye vijiji vya Ulaya ambavyo baiskeli zilivipita mbio. Mtangazaji hawakumfahamu hata neno.

"Ng'ombe wao wamenona," mama alisema. "Hawa wapanda baiskeli ndio hawalishwi."

Asubuhi moja chaneli ikawa giza, na maandishi ya kutaka kadi ya kulipia. Mama akaniita. Nikasoma kwenye simu, nikamweleza: chaneli ilianzishwa na mashirika ya utangazaji ya nchi za Ulaya kwa pamoja, ikaja ikashikwa na Wafaransa, Wafaransa wakawauzia Wamarekani, na Wamarekani nao wakaungana na Wamarekani wengine.

Mama alinisikiliza kama anayesomewa mirathi.

"Hao wa mwanzo wako hai?"

"Ni mashirika, mama."

"Waliuza kwa hiari yao?"

"Kwa hiari yao."

"Na sisi tunaotazama hatukuulizwa?"

"Hawajui kama tupo."

Nadhani hilo lilimuuma kuliko kukosa baiskeli. Miaka yote ile alikuwa akiwaombea dua wanaoanguka.

Tukamwita fundi wa madishi kutoka Kengeja. Alihangaika juani mpaka alasiri, akaipata chaneli ileile kwenye setilaiti nyingine.

"Ila Bi mkubwa, hii wanasema Kijerumani," akamwonya.

"Ile nyingine walikuwa wakisema nini?"

"Kiingereza."

"Aa," mama akasema, akamimina chai. "Basi hakijaharibika kitu."

Jioni majirani walirudi na majamvi yao. Kwenye mteremko wa kwanza mtu mmoja akapinduka na baiskeli yake. Ukumbi mzima ukasema "Lahaula!", na mtangazaji akasema lake kwa Kijerumani.

"Kachunika goti," mama akawafasiria, akavuta kikapu kingine cha karafuu.