Ujumbe Uliohesabiwa Kuwa Umejibiwa

Mama muuza mikate wa Alunguli alifungia mikate ndani ya ripoti yetu ya kwanza. Niliona mwenyewe. Mteja wake aliondoka na mikate ya mchele mkononi, na karatasi aliyofungiwa ilikuwa na ile michoro ya rangi aliyoitengeneza shefu wangu, mkuu wa ofisi yetu ya matangazo, kwa siku nzima: mistari inayopanda, na duara lililokatwa vipande. Mafuta yalikuwa yameshapenya kwenye mstari mwekundu.

Nilivuka mto kurudi ofisini nikamwambia shefu. Nilidhani atakasirika, lakini alicheka mpaka akashika meza.

"Basi kuanzia sasa utakwenda wewe, bwana mdogo. Utamwambia kwa mdomo."

"Mimi, shefu? Mimi nitaongea nini?"

"Ndiyo maana nakutuma. Msema sana haaminiki hapa mjini. Wewe ukisema maneno matatu, mtu atadhani umeyapima."

Ofisi yetu ni chumba kimoja karibu na bandari ya Kindu. Tunawatangaza wafanyabiashara mtandaoni. Tunapiga picha, tunaandika maneno machache, tunalipia tangazo lisambae, na kila mwisho wa mwezi tunamweleza mteja ni watu wangapi wameliona na wangapi wameandika. Mimi nimeishia shule ya msingi. Kuandika kunanichukua muda mrefu, na mbele za watu naona haya. Kazi yangu ilikuwa kupiga picha na kutunza simu ya kazi. Wateja wakiandika, simu ilijijibu yenyewe kwa maneno ambayo shefu alikuwa ameyaweka.

Kwa hiyo kila mwezi nilikariri ripoti ndani ya mtumbwi nikivuka, kisha nikakaa kwenye kiti kifupi uani kwa mama yule, naye akaendelea kumimina unga kwenye kikaango.

"Walioona tangazo wameongezeka, mama. Na wote walioandika wamejibiwa."

"Vizuri. Na wa mbali?"

"Wa mbali wa wapi, mama?"

"Wa kule kwa njia ya reli. Kongolo, Kabalo, mpaka Kalemie."

"Tangazo linawaendea watu wa hapa Kindu, mama. Wa Kalemie hawawezi kuja kununua mikate."

"Ah," alisema, akageuza mkate.

Aliniuliza hivyo kila mwezi. Na tangu mwanzo alikuwa amefanya jambo lingine ambalo shefu hakulielewa. Siku ya kupiga picha, shefu alipanga mikate kwenye sahani nyeupe juu ya kitenge kipya. Mama akaiangalia sahani, akasema tupige mlango wa nyumba.

"Mama, watu watakula mlango?" shefu alimtania.

"Piga mulango. Mimi njo nalipa."

Ni kweli, yeye ndiye aliyelipa. Tuliupiga. Mlango wa mbao, wa kijani kizito, umebanduka rangi upande wa chini, na mikate ikaonekana kidogo tu pembeni. Shefu alisema wazee wana mambo yao. Nilikuwa nasikia haya kumuuliza mtu mzima kwa nini anapenda mlango wake.

Ilinipasa kuuliza. Wakati wa vita nilikuwa mdogo sana, lakini nakumbuka jinsi mama yangu alivyopokea habari. Kuvuka mto kulikuwa kumekatazwa, na ndugu zake walikuwa ng'ambo. Mara chache mtu alifika akisema wote ni wazima. Mama hakumshukuru mara moja. Alimkalisha, akamuuliza amemwona nani kwa macho yake, amevaa nini, nani hakuonekana uani. Aliyejibu kwamba wote wazima, wote wazima, mama alimpa maji akamwacha aende zake. Aliyesema kwamba shangazi amekonda na mguu umevimba, huyo ndiye aliyepewa chakula. Nililelewa katika kuuliza kwa namna hiyo, halafu nikakua mtu wa kubeba habari za "wote wamejibiwa".

Siku moja mama wa mikate alinimiminia chai kabla sijaanza.

"Wewe mutoto, unakujaka na hesabu tu. Hao watu wenyewe wanasema nini?"

"Wanauliza bei, mama. Na saa za kufungua."

"Wote?"

Sikuwa nimewahi kuwasoma. Simu iliwajibu, simu ikawahesabu, mimi nikabeba hesabu.

"Mimi iko na mudogo wangu," akasema, macho yake kwenye kikaango. "Wakati wa vita wenye bunduki walipita hapa asubuhi, wakamukamata awabebee mizigo. Alikuwa anatoka kuuza mikate, sahani ingali juu ya kichwa. Muntu mumoja alimuona kule mbali, kwa njia ya reli. Kisha basi. Ule mulango, baba aliupaka na rangi iliyobaki kazini kwake, na mudogo wangu njo alimushikia kopo. Akiuona, ataujua."

Nilimwambia nitasoma ujumbe wote.

"Soma. Na kama iko kitu kibaya, uniambie vilevile."

Nilirudi ofisini nikaanza na ujumbe wa zamani kabisa. Nasoma polepole, kwa hiyo ilinichukua mchana wote. Bei. Saa. Bei. Mtu mmoja aliuliza kama tunauza na sukari. Halafu, katika mwezi wa pili wa tangazo, nikakuta namba iliyoandika siku moja tu.

"Muntu wa Kindu alinitumia hii picha. Huu mulango naujua. Wenye nyumba bado wako?"

Chini yake, maneno ya simu yetu: "Asante kwa kutuandikia! Mikate ya moto inapatikana Alunguli kila asubuhi. Karibu sana."

Yule mtu aliandika tena: "Sitaki mikate. Nauliza watu wa nyumba."

Na simu ikamjibu tena: "Asante kwa kutuandikia!"

Basi. Katika ripoti ya mwezi ule ujumbe wake ulihesabiwa pamoja na mingine, kwamba umejibiwa. Mimi mwenyewe niliitangaza hesabu hiyo uani kwa dada yake, kama kweli ni dada yake, nikiwa na simu mfukoni.

Tulipiga namba ile. Haikupatikana. Tukaandika, ikatoka alama moja, maana yake ujumbe umeondoka kwetu lakini haujafika kwake.

"Usimwambie kwanza," shefu alisema. Hakuwa mkali, sauti yake ilikuwa chini. "Tumtafute. Tukimpata tutampelekea furaha. Ukimwambia leo atatuacha, na soko lote litajua."

"Alisema nimwambie hata kibaya, shefu."

"Najua. Nimesikia." Kisha akaniambia niende, na kama mama akitukana, nimsikilize mpaka mwisho.

Hakutukana. Aliondoa kikaango motoni, akafuta mikono, akaniambia nisome. Nilisoma. Akaniambia nisome tena, na majibu yetu pia.

"Muntu anauliza kama tuko hai," akasema, "sisi tunamujibu mikate iko kila asubuhi."

"Ndiyo, mama."

"Mara mbili."

"Mara mbili."

Alicheka kidogo, kisha akavuta kitenge akafunika mdomo, na kicheko kikageuka.

"Njo yeye?"

"Sijui, mama. Hakuandika jina."

Baadaye, macho yakiwa bado mekundu, aliniambia nimwambie shefu aondoe tangazo, maana mikate yake inauzika bila sisi. Lakini ile namba nisiifute. Shefu aliondoa tangazo siku hiyohiyo, na yale majibu ya simu akayazima kwa wateja wote. Sasa najibu mimi, polepole, na wengine wanalalamika kwamba tunachelewa.

Alunguli bado nakwenda. Mama hatulipi tena, na shefu haniulizi nakwenda kufanya nini.

"Alama ngapi?" ananiuliza kabla sijakaa.

"Moja, mama."

"Bado moja?"

"Bado."

"Haya. Kula."

Majirani wamemshauri apake mlango rangi mpya, amekataa. Mwezi uliopita aliniomba nimpige picha nyingine, yeye akiwa amesimama mbele ya mlango, ameshika sahani. Alikaa muda mrefu akichagua upande wa uso. Nikaituma kwa ile namba pale pale, yeye akiwa ameinama juu ya simu pamoja nami, tukangoja hadi mkate mmoja ukaungua. Picha hiyo nayo ina alama moja.