Kikohozi Kilichofutwa Studio

Majuzi nilimwona kijana mjini Kisii akipigilia magodoro kwenye kuta za chumba cha kurekodia, nikakumbuka jinsi Mama alivyoimba na bendi ya roki ya mjomba nilipokuwa mdogo. Chumba walichorekodia kilinuka sponji mbichi na nyaya zilizopata moto. Kila baada ya beti mbili Mama alikohoa.

“Dada, unashinda ngoma zangu,” mjomba alimtania.

“Mwache aimbe,” produsa akasema. “Hicho kikohozi nitakitoa.”

Alipandisha sauti ya gitaa, akaipa sauti ya Mama mwangwi, kisha akakifuta kikohozi kwenye kompyuta. Tuliposikiliza, hakikuwepo. Sasa najua alisafisha wimbo, si kifua, lakini siku ile niliamini Mama amepona.

Jioni, nyumbani Kebirigo, alipokuwa akipuliza moto, alikohoa tena. Nilikasirika.

“Mama, acha! Utaharibu kazi ya watu.”

Hakunicheka. Alijiziba mdomo kwa leso. Tangu hapo alienda kukoholea migombani, mbali na sisi, nami nikawaambia wadogo zangu kwamba ni mzima. Tuliamini hivyo mpaka asubuhi tulipomkuta ameanguka huko.