Mguu wa Baba na Gari Lililozimika

Gari la baba yangu lilianza kuzimika njiani mwaka ule ule ambao mimi na ndugu zangu tuliamua kwamba baba amezeeka. Mambo hayo mawili tuliyaunganisha haraka mno, na aibu yake ninayo mpaka leo.

Baba ni mwalimu mstaafu. Anaishi Mwanda, juu kwenye milima ya Taita, na gari lake ni dogo, kuukuu, la gia za mkono. Kila Alhamisi aliteremka nalo pamoja na mama hadi Voi ninakoishi, akaniletea ndizi na maharagwe ambayo sikumwomba, akanywa chai vikombe viwili, akakosoa nilivyopanga duka langu, kisha wakarudi zao. Mimi nililalamika kila Alhamisi, na Alhamisi asiyokuja nilishinda mlangoni nikiangalia barabara.

Siku moja ya jua kali, kwenye kona za mwisho za kuteremka kutoka Wundanyi, injini ilikufa ghafla. Usukani ukawa mzito, breki zikawa ngumu, baba akalielekeza gari kwenye ukingo wa udongo likasimama. Hakuumia mtu. Lakini mama alitupigia simu sote, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyepigiwa alisimuliwa kona kali zaidi kuliko ya aliyetangulia.

Baada ya hapo baba akawa anakuja peke yake, na gari likazima tena mara mbili. Kundi letu la WhatsApp likawaka moto. Kaka yangu aliye Nairobi akaandika kwamba baba anasahau kukanyaga klachi. Dada aliye Mombasa akasema ni mguu wa kushoto, umekuwa mzito, kwani hatujamwona anavyopanda ngazi? Mafundi wawili wa kule juu walikuwa wamelipima gari wakaliona zima kabisa. Walibadilisha plagi, wakabadilisha betri, likaondoka kwao likinguruma vizuri. Kwetu sisi huo ulikuwa ushahidi dhidi ya baba. Ikaamuliwa anyang'anywe ufunguo, na kwa kuwa mimi ndiye niliye karibu, kazi ikawa yangu. Sitajisafisha hapa: niliikubali, na nilijiona nina busara.

Nilipomweleza, baba hakubishana. Alisema gari lionwe kwanza na fundi wa Voi, na fundi akisema halina kitu, atanipa ufunguo kwa mkono wake mwenyewe. Utulivu wake uliniudhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi.

Fundi huyo ana gereji nyuma ya soko. Ni mtu wa makamo, ukoo wake ulitoka Pwani zamani, na kofia yake haimtoki kichwani hata akiwa amelala chini ya gari. Hakufungua boneti. Aliuliza maswali kama daktari: huzimika likipanda au likishuka? Asubuhi au adhuhuri? Likishazimika, hukaa muda gani ndipo liwake? Baba akajibu kwa mpangilio, kana kwamba ubao uko nyuma yake. Halizimiki asubuhi. Halizimiki kwenye baridi ya juu. Huzimika likishatembea mwendo mrefu na jua limetoka, na ukilisubiri nusu saa huwaka kama halikufanya lolote. Fundi akasema maradhi ya kuja na kuondoka hayaonekani gari likiwa limelala gereji; itabidi tulifuate mpaka lizime mbele ya macho yake. Na liendeshwe na mwenyewe, kwa njia yake, kwa mazoea yake yote.

Basi Jumamosi tukapanda sisi watatu. Baba aliendesha, fundi akakaa kando yake, mimi nyuma, shingo nimeinyoosha niuone ule mguu wa kushoto. Niliukodolea macho kama msimamizi wa mtihani. Haukukosea hata mara moja. Huko Mwanda, mama alitupa chai na viazi vitamu, fundi akaomba maji ya udhu akaswali uani, tukaanza kushuka. Gari zima kama chuma. Tulipofika Mwatate baba akasema amechoka, nimshike mkono kidogo. Nikahamia kwenye usukani nikiwa na furaha mbaya moyoni, maana niliona jibu limeshapatikana: mzee amechoka.

Tuliyapita mashamba ya mkonge. Barabara imenyooka, niko gia ya tano, mguu wangu wa kushoto umepumzika sakafuni. Injini ikafa. Nikaliacha gari liserereke hadi kando, taa zote za dashibodi zimewaka. Kwenye kioo nilimwona baba akitazama vichaka nje, kwa adabu, jinsi mtu anavyotazama pembeni mgeni anapomwaga chai.

Fundi hakupoteza muda. Aliniambia nifungue swichi bila kupiga stata, akaenda nyuma, akamwomba baba ashuke, akaweka sikio kwenye kiti. Chini ya kiti kile kuna tangi, na ndani ya tangi kuna pampu ya petroli, ambayo ukifungua swichi husikika ikivuma. Haikuvuma. Akainua kiti, akalowesha kitambaa kwa maji, akakilaza juu ya kifuniko cha pampu ili ipoe. Kisha akaja mbele akaangalia mshale wa mafuta. Ulikuwa chini ya robo.

"Mwalimu, hebu nambie," akasema, "tangi hili hulijaza lini?"

Baba akamjibu kwa fahari kwamba halijajazwa hata siku moja. Anayepanda Mwanda na tangi lililojaa anabeba mzigo wa bure. Madereva wa malori ya mboga ndio waliomfundisha hivyo ujanani, na kule juu kila mwenye gari hufanya hivyo hivyo: unatia ya kukufikisha, basi. Mimi pia nikiazima gari kwenda nyumbani hutia ya kunifikisha.

Fundi alitabasamu kidogo. Akatueleza kwamba pampu huoga ndani ya petroli, na petroli hiyo ndiyo inayoipoza. Tangi likikaa karibu tupu miaka yote, pampu hupata joto mpaka inachoka. Milimani baridi huisaidia. Huku bondeni kwenye joto huzima. Ikipoa, huamka. Akasema ataweka mpya, na kuanzia siku hiyo mshale usishuke chini ya nusu. Akapiga simu Mwatate, mtu wa boda boda atuletee petroli kwenye mtungi.

Tukasubiri. Fundi alibaki na pampu yake. Mimi na baba tukasimama upande wa pili wa gari, tukichungulia tembo, ambao huvuka barabara ile, kwa mazoea tu. Nilianza kuomba msamaha, nikashindwa kuumaliza.

"Mlisema ni mguu," baba akasema. "Hata mimi nilidhani ni mguu, mama."

Huniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Nikamwuliza kwa nini hakutuambia. Akaendelea kutazama barabara.

"Tangu ile kona, Jumapili tunaenda kanisani kwa miguu. Nilimdanganya mama yako kwamba daktari ameniagiza nitembee. Na magoti yake yale, anakuja tu nyuma yangu, hasemi kitu. Nilikuwa naogopa nitamuua."

Nililia pale pale, kando ya barabara, na sikujificha. Miezi miwili tulikuwa tukijadiliana kwenye simu jinsi ya kumwambia mzee hafai, na yeye alikuwa amejihukumu zamani, peke yake, akapanda mlima na hukumu hiyo kila Jumapili bila kumtwika mtu.

Mtu wa boda boda akafika. Petroli ikaingia, fundi akafungua swichi, na sote watatu tukaisikia pampu ikivuma chini ya kiti. Niliwaandikia ndugu zangu kwamba ni pampu, na kwamba ufunguo unabaki kwa mwenyewe. Kisha nikamwambia baba aendeshe.

"Una hakika?" akauliza.

Nikaingia nyuma, nikafunga mlango. Alitia gia ya kwanza taratibu, ya pili, ya tatu, na kabla hatujafika Voi nilikuwa nimelala.