Bango Nyuma ya Rubani wa Kichina

Jamani, leo Lin karibu anifukuzishe dukani!

Lin ni mwenzangu wa darasani, anatoka China. Tuliingia duka la vitabu vya katuni vya zamani pale mjini Hopkins, huku Marekani.

Mwenye duka, mzee mchangamfu, akatutolea kimoja cha wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Katika katuni nyingi za enzi hizo, Mchina ni jambazi mwenye kucha ndefu, au mpishi wa kuchekwa. Huyu alikuwa shujaa hasa: rubani, tena anamwokoa Mmarekani!

(Ila wamempaka njano kama ndizi mbivu.)

Nyuma yake kulikuwa na bango la Kichina.

"Maana yake 'Uhuru au kifo'," mzee akasema kwa fahari.

Lin akalisoma, akaziba mdomo, akaninong'oneza: "Limeandikwa 'Bosi wetu ana kichwa cha kabichi'."

Kumbe kuna mchoraji mmoja Mchina pale zilikochorwa katuni alikuwa na hasira zake!

Nikaangua kicheko.

"Mnacheka nini?" mzee akauliza.

Ninyi mngemwambia? Lin alimwambia.

Mzee akapandisha mkono wa shati polepole.

Tatuu. Maneno yaleyale.

Nilitamani sakafu inimeze. Mara mzee akacheka kutushinda sote.

"Mke wangu asisikie," akasema. "Bosi wangu ni yeye."