Vikombe vya Mshauri

Mshauri wa shule huchonga penseli mzazi anapoongea. Huizungusha polepole kwenye kichongeo, macho kwa mgeni wake, ili asipate upenyo wa kumdakia maneno. Vikombe vya chai huviosha papo hapo, maana uchafu humkera kuliko makelele ya darasa la kwanza. Siku ile mama mmoja alikuja roho mkononi: bintiye hajatamka neno shuleni tangu muhula uanze, na mwalimu mkuu ameshaanza habari za kumhamisha. Mama akaeleza, akalia, akaeleza tena, mpaka penseli ikabaki kama kidole gumba. "Na nyumbani je, mama?" "Nyumbani? Huyo akishika vyombo kuosha, huimba mpaka majirani wanacheka!" Mshauri akaacha kuchonga. "Hilo mimi sikulijua. Hebu nifundishe, dada yangu, anaimba nini?" Mama akamwimbia kwa haya, mshauri akafuatisha kwa sauti kama bawaba kavu, na wote wawili wakaangua kicheko.

Wiki iliyofuata mama aliitwa tena. Alikuta mlango umerudishiwa nusu, akachungulia. Vikombe vya siku tatu vilikuwa vimerundikwa kando ya beseni, na bintiye alikuwa akiviosha kimya. Mshauri alikuwa amempa mgongo, anachonga penseli yake, huku akiuharibu ule wimbo kwa makusudi, ubeti baada ya ubeti. Mama akaziba mdomo kwa kiganja. Kikombe kikatuliwa mezani.

"Siyo hivyo, mwalimu," binti akasema. "Ngoja nikuonyeshe."