Mizigo Mitano ya Meli

Gundi ya maseremala wa zamani ilitengenezwa kwa ngozi na kwato za ng'ombe. Ilipochemka kwenye kopo ilitoa harufu ambayo si ya kuoza wala ya kupikwa, kitu cha katikati, kama mchuzi uliosahauliwa jikoni. Siku hizi gundi huuzwa kwenye chupa, nyeupe, hainuki chochote. Lakini mwezi uliopita nilipita nyuma ya karakana moja karibu na stesheni, harufu ile ikanipata, na ikabidi nisimame nishike ukuta. Mimi ni bibi mwenye wajukuu, na gundi ya ng'ombe bado inanitisha.

Baba yangu alikuwa seremala hapa Tabora, mtaa wa Gongoni. Alitengeneza vitanda na milango ili tule, na alitengeneza meli ndogo za mbao kwa sababu alizipenda. Watu walimtania. "Fundi, hii itasafiri kwenda wapi? Igombe?" Maana bwawa la Igombe ndilo lililokuwa maji makubwa kuliko yote tuliyoyajua. Baba alicheka nao. Babu yake alikuwa mpagazi, mmoja wa watu waliobeba meli kutoka pwani kwenda ziwani ikiwa vipande vipande vya chuma, vichwani, kwa miguu, wakipita mji huu huu. Kwa hiyo baba hakuunda meli nzima. Aliunda mizigo mitano: omo, yaani pua ya meli, kisha vipande vitatu vya tumbo, kisha tezi, yaani nyuma yake. Kila kipande kilikuwa na ulimi ulioingia kwenye tundu la mwenzake, bila msumari na bila gundi. Meli ilitoka nyumbani kwetu vichwani, kila mtu na mzigo wake. Ilikwenda kuungwa mbele ya aliyeiagiza, halafu ikainuliwa kwa ncha mbili tu. Ikishikana, kazi imekwisha. Ikiachana, baba alirudi nayo nyumbani na hakujitetea.

Mama alifariki nikiwa darasa la sita. Niliacha shule kuwalea wadogo zangu, Hamisi na Tatu, na saa za mchana nilimsaidia baba kupiga msasa, baadaye randa, baadaye patasi. Miaka miwili baadaye, mvua zikiishia, baba naye akaondoka, kwa homa ya siku nne. Nilikuwa na miaka kumi na tano.

Arobaini ilipokwisha, baba mdogo alibaki. Alikuwa mkulima wa Bukene, mtu mrefu, mkimya. Alituita barazani akasema amekwisha kuamua. Hamisi na Tatu atawachukua yeye. Mimi nitakwenda kwa shangazi huko Itetemia, nikae hapo mpaka nipate mchumba.

Nilisema, "Baba, naomba tusitenganishwe."

"Utawalisha nini, Mwajuma? Vumbi la mbao?"

Wakati ule maseremala wa Gongoni walikuwa wameunganishwa kuwa ushirika, kila mtu na benchi lake chini ya paa moja. Ushirika ulikuwa umemwagiza baba meli kwa ajili ya maonyesho ya Saba Saba, na alifariki akiwa amemaliza vipande vitatu. Nilikwenda kwa mwenyekiti, Mzee Maulidi, nikaomba nimalizie.

Alinitazama mikono kabla ya kunitazama uso. "Benchi la baba yako nitampa anayejua kazi ya baba yako," alisema. "Lete meli. Ikiinuka, wewe ni mwanachama na mgao wako utaupata kama wengine. Isipoinuka, usinililie."

Baba mdogo alikubali kusubiri. Angekuja siku mbili kabla ya sikukuu kwa treni ya asubuhi, na kurudi kwa treni ya jioni, peke yake au na watoto.

Nilikuwa na wiki tano. Mbao za meli baba hakuzianika juani. Alizilaza kwenye uchaga juu ya jiko, moshi uzikaushe taratibu, na hakuzigusa mpaka msimu mzima upite. Juu ya uchaga palibaki gogo moja kavu la mninga, nikachonga tezi. Kwa kipande cha nne sikuwa na mti. Nikapata mninga uliokuwa mbichi bado, nikaulaza kwenye moshi siku kumi na mbili, nikajiambia zinatosha. Nilichonga kwa subira nisiyojua kwamba ninayo. Ulimi ulipoingia kwenye tundu la kipande cha baba ulilia kidogo, mlio mzuri, na nilicheka peke yangu. Hamisi na Tatu walikuja kuushika, wakaenda kuwaita watoto wa jirani nao waje waushike.

Kisha upepo wa kiangazi ukaanza. Siku nne kabla baba mdogo hajafika niliinua meli, na kipande changu cha nne kikadondoka. Mti mbichi ulikuwa umenywea. Ulimi ulicheza ndani ya tundu kama jino la mtoto.

Nilichemsha gundi.

"Baba hakutia gundi," alisema Hamisi.

"Nyamaza. Shika hapa."

Alishika, lakini alitazama pembeni. Nilijaza mwanya kwa unga wa mbao, nikapiga msasa mpaka hata mimi mwenyewe sikuuona.

Baba mdogo alifika. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa bila kuvua kofia. Karibu na mlango niliona ametandika shuka la kufungia nguo za watoto. Alasiri ilipofika tulitoka kwenda kwenye ushirika. Hamisi alibeba omo, Tatu tezi, na baba mdogo, bila kuombwa, akajitwika kipande cha pili. Vile viwili vilivyogandana nilivifunga kwenye khanga nikavibeba mimi. Tulikuwa watu wanne wenye mizigo minne, na nilidhani hakuna atakayeshangaa.

Maseremala walikuwa wamekaa uani kwao. Kassimu, mzungumzaji wao mkubwa, alianza kabla hatujatua. "Karibuni wapagazi. Bandari ni huku."

Mzee Maulidi hakucheka. Alikuwa anahesabu. "Mizigo minne," alisema. "Baba yako alikuwa na mitano."

Nilifungua khanga. "Wa tatu na wa nne nimetia gundi," nilisema. "Mti ulikuwa mbichi. Niliharakisha."

Tatu alikuja kunishika gauni.

"Basi si kitu," alisema Kassimu. "Wageni wataangalia rangi. Nani atakwenda kuichungulia ndani?"

Mzee Maulidi alinigeukia. "Wewe unasemaje, binti?"

Baba mdogo alitazama jua, akanitazama mimi, akakaa kwenye gogo. Nilijua kwamba nikisema ipelekwe hivyo, huenda wote wangekubali, na wadogo zangu wangelala nyumbani. Nilijua pia kwamba vile vipande vitatu vilikuwa kazi ya mwisho ya baba, na mimi ndiye niliyevichafua. Niliomba msumeno.

Kukata ulimi wa kipande changu bila kujeruhi tundu la baba kulichukua muda mrefu. Kisha ikabidi nikwangue gundi yote kwa ncha ya patasi, kidogo kidogo, nikipuliza. Sasa kipande changu hakikuwa na ulimi kabisa. Nilihitaji kutoboa tundu kwenye kipande hicho pia, na kuchonga ulimi wa kupachika kati ya viwili, tena wa mti usioweza kunywea. Niliangaza macho uani. Kote palikuwa na mbao mpya.

Kassimu aliinuka, akarudi na tendegu la kitanda kikuukuu alichokuwa anakitengeneza. "Chukua hili," alisema. "Limelaliwa tangu enzi ya Mjerumani. Lilivyobanwa vile, haliwezi kukonda tena."

Watu walicheka, mimi sikuweza. Nilipasua tendegu, nikapiga randa, nikapima, nikapunguza, nikapima tena. Kivuli cha ukuta kilivuka ua. Nilikuwa bado napunguza wakati filimbi ya treni iliposikika kutoka stesheni, mara ya kwanza, ile ya kuwaita abiria. Sikuinua kichwa. Nilisubiri kumsikia baba mdogo akisema, "Twendeni, watoto." Filimbi ililia mara ya pili. Alikuwa amekaa pale pale, Tatu amelala magotini kwake, macho yake kwenye mikono yangu bila kupepesa. Niliwaza: mtu huyu yuko radhi kuachwa na treni ili aone nikishindwa.

Ulimi uliingia kwa kugongwa. Niliunga vipande vyote vitano chini kwenye mchanga. Mzee Maulidi akasema, "Inua."

Nilishika omo kwa mkono mmoja na tezi kwa mwingine. Kitu kililia katikati. Nikainua mpaka magotini, mpaka kiunoni, mpaka usawa wa macho yangu. Ilishikana. Mzee Maulidi alipitisha kiganja chini ya tumbo la meli bila kuligusa, akarudi kuketi.

"Benchi la baba yako ni lile la dirishani," alisema. "Kesho uje na ufagio, limejaa vumbi."

Baba mdogo alilala kwetu na kuondoka siku ya pili, bila watoto. Hakunisifu. Kwa miaka mingi nilimsimulia kama mtu mgumu niliyemshinda, na Hamisi na Tatu walikua wakiamini hivyo.

Alipofariki tulikwenda Bukene kuzika, sote watatu, watu wazima. Nilikuwa sijawahi kulala kwake. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, na ndani yake walikuwa wamekuzwa watoto tisa. Mama mdogo, mkewe, alinikalisha kwenye mkeka.

"Mwaka ule wa meli yako," alisema, "mahindi yalikuwa yametukatikia shambani. Tulikula mlo mmoja kwa siku. Nilimwambia hao wawili nitawaweka wapi, nitawapa nini. Akasema damu ya kaka yake hawezi kuiacha, atakwenda kuwachukua. Akakaa wiki nzima hali vizuri, halali, ananiuliza mimi, mimi nisiyejua hata randa ni nini, kama msichana anaweza kuunda meli."

Nilimuuliza alirudije siku ile.

"Alirudi siku ya pili akicheka njia nzima kutoka stesheni, watu wakadhani amekunywa. Nikamuuliza, watoto wako wapi? Akaniambia, wale wana mtu wao."