Kabati Lililopita Sebuleni kwa Jirani

Shangazi yangu ni seremala, na nasema hivyo kifua mbele. Mimi ndiye ninayempigia msasa na vanishi, kwa hiyo msiniambie nampendelea.

Hatumii misumari wala skrubu. Anachonga ulimi kwenye ncha ya ubao mmoja, anachimba tundu lake kwenye mwingine, anatia gundi, anagonga kwa nyundo ya mti. Kabati lake likishashikana, limeshikana. Ukitaka kulitenganisha vipande, lete shoka. Sifa hiyo hiyo nusura itutie aibu.

Jirani yetu tunamwita Dakika Mbili. Ua tunatumia mmoja: mlango wake wa nyuma unatazama karakana yetu, na geti la kutokea barabarani ni hilo hilo moja. Mbele ya geti ndipo anapopenda kuegesha gari lake. Ukimwambia, anatabasamu: "Dakika mbili tu, dada." Nusu siku inapita, gari halijasogea hata unywele.

Siku ya kupeleka kabati la vitabu shuleni, gari lilikuwa pale pale, na kabati zima halikuweza kupenya pembeni yake. Hiyo ilikuwa kazi kubwa ya kwanza ya Shangazi tangu afungue karakana yake mwenyewe, na mwalimu mkuu alishasema wazi: lisipofika kabla ya adhuhuri, atachukua la kiwandani. Pikapu ilikuwa barabarani, dereva anapiga honi.

Shangazi akagonga mlango wa nyuma.

"Jirani, gari."

"Aa, dada, mama mkwe ndiyo kwanza ameketi. Nipe dakika mbili."

"Kaa na wageni wako, usijisumbue," Shangazi alisema, kwa upole ulionitia hofu. Akachomoa futi mfukoni, akapima upana wa mlango ule huku mwenye nyumba akimkodolea macho. Kisha akanigeukia. "Linapita. Kamwite dereva."

"Linapita wapi, Shangazi?"

"Sebuleni kwake. Kwani nyumba haina mlango wa mbele?"

Tukalibeba watatu. "Hodi humu!" Shangazi akaita, na kabla hajajibiwa nusu ya kabati ilikuwa ndani. Wageni wakainuka na vikombe mkononi. Kochi likasukumwa, meza ikaburutwa. Dakika Mbili alikuwa anapapasa mifuko yote aliyonayo.

"Dada, subiri! Natafuta ufunguo!"

"Usihangaike, jirani. Tunapita tu."

"Simameni," akasema mama mkwe. Tukasimama. Bibi yule akalizunguka kabati, akafungua mlango, akaufunga, akainama kutafuta misumari. Hakuiona. "Nani kalitengeneza?"

"Mimi, mama," Shangazi akasema, jasho linamtiririka.

"Na mbona linapita hapa?"

Shangazi akatazama dari. Lakini mimi mdomo wangu hauna kufuli. "Geti limezibwa na gari, bibi."

Hakuuliza la nani. Alimtazama mkwewe mpaka akaacha kupapasa mifuko. "Baba," akamwambia, "fundi huyu unaishi naye ukuta kwa ukuta, halafu unamzibia njia? Shika kona ile."

Akashika, na shati lake la wageni. Alilibeba kabati hadi kwenye pikapu, akihema, majirani wote wametoka nje kutazama.

"Dada, nisamehe," alisema tulipolifunga kamba.

"Nimekusamehe. Ila bado yapo makabati mawili mengine ya kupeleka, na sebule yako nimeshaizoea."

Kabla hatujafika mwisho wa mtaa, tulisikia gari lake likiwashwa.

Adhuhuri ilipoingia, watoto walikuwa tayari wanapanga vitabu kwenye rafu. Mwalimu mkuu akausukuma mlango wa kabati kwa nguvu, kama watu waliozoea makabati ya kiwandani. Shangazi akamshika mkono. "Taratibu, mwalimu. Wangu hufungwa kwa kidole." Akajaribu kwa kidole, mlango ukajifunga bila kelele, naye akaufungua tena, akaufunga tena. Machozi yalinitoka, na sioni haya kusema.